Njia Mpya ya Kuvuka Mgongo wa Eburru

Mheshimiwa Chifu, wachungaji wetu, wazee na akina mama wa pande zote mbili za mlima, ndugu wapandaji wenzangu mliotoka Nakuru kabla hakujakucha, hamjambo?

Mimi ni Joan Ogada, mwalimu. Nimepewa heshima ya kuzungumza kwa sababu moja tu: mwaka jana niliporomoka kwenye njia hii kabla haijawa njia.

Mnajua ilivyokuwa. Waongozaji wa mashariki walipandisha wageni hadi juu na kuwarudisha kulekule. Wa magharibi vilevile. Nani angekubali mgeni wake avuke, akanywe chai kwa jirani?

Siku hiyo nilikuwa na Wariara, huyu hapa, mwongozaji wa mashariki. Ukungu ulitufunika mgongoni pa mlima, nikateleza, nikabingirika upande wa magharibi, mguu ukavunjika. Wariara alinifuata mianzini, akanifunika koti lake, akaita kwa nguvu zake zote. Aliyeitika ni Kimaiyo, mwongozaji wa upande ule, ambaye yeye na Wariara hawakuwahi kupeana zaidi ya salamu.

Mnadhani walianza na nini? Kubishana!

"Ameangukia kwetu, atashukia kwetu," Kimaiyo akasema.

"Ni mgeni wangu. Nitamrudisha nilikomtoa."

"Dada, umpandishe tena na huo mguu? Utamuua!"

Nikapiga kelele: "Nyinyi wawili! Nishusheni popote, bora mnishushe!"

Wariara akacheka, Kimaiyo akacheka, na mimi, na maumivu yangu yote, nikacheka. Wakakata mianzi, wakafunga shuka ikawa machela, wakanibeba kuelekea magharibi. Wariara hakuwahi kukanyaga huko. Nilimsikia akipumua kwa woga. Lakini mama yake Kimaiyo, kabla hata hajaniangalia mimi niliyevunjika, alimshika mkono akamwambia, "Karibu, mwanangu. Umechoka, kaa." Wariara akalia.

Nilipotoka hospitali niliwakuta wanafyeka, Wariara na wenzake kutoka mashariki, Kimaiyo na wenzake kutoka magharibi, mpaka wakakutana. Leo mgeni anapanda na mmoja, anashuka na mwingine, na chai anakunywa mara mbili. Sijasikia mgeni akilalamika.

Mama Kimaiyo hajawahi kuona upande wa mashariki. Ana miaka mingi, lakini ana miguu yenye nguvu kuliko yangu. Nimemwomba akate utepe huu badala yangu, kisha atangulie kuvuka, kwa sababu Wariara amemwandalia chakula nyumbani kwake.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Mama, makasi haya hapa. Wariara, mshike mkono.