Neno la Kupakua: Maisha ya Mama Kalekye Kaloki

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mimi ni Nzomo, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii kwa sababu nina sauti kubwa, sauti ileile ambayo dada yangu alinigombeza kwa ajili yake tangu utotoni. Mtanisamehe nikisoma kwa furaha, maana yeye mwenyewe aliniagiza nisiwalize watu ambao bado hawajala.

Dada yetu Kalekye alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 huko Mwala, Machakos, akiwa wa pili katika watoto sita, akasoma shule ya msingi ya kijijini kwetu hadi darasa la saba mwaka 1968, na mwaka 1972 akaja Nairobi, akaajiriwa kuosha vyombo katika hoteli moja katikati ya jiji. Kutoka kwenye vyombo alisogea kwenye mboga, kutoka kwenye mboga akasogea kwenye mchuzi, na kufikia mwaka 1986 alikuwa mpishi mkuu, na wanaume waliomcheka alipofika wakawa wanamsubiri aonje.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na Bwana Kaloki, karani wa serikali, mtu mwema sana ambaye hadi leo hajui kuchemsha yai, wakajenga hapa Waithaka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Musili na Mwende.

Mwaka 2001 alistaafu, nasi tukadhani atakaa kwenye kiti, lakini kabla mwaka haujaisha alikuwa amekodi ukumbi karibu na soko la Kangemi, akawaita vijana waliokuwa wakizurura bila kazi, akaanza kuwafundisha kupika. Sufuria za kwanza zilitoka kwa Bwana Jitendra, mwenye duka la vyombo mjini, ambaye baadaye alikuwa mwenyekiti wa wadhamini, na hivyo ndivyo Jiko la Vijana lilivyozaliwa, ambalo wapishi wake sasa wako katika hoteli na shule kila upande wa jiji hili.

Pale jikoni palikuwa na sheria moja tu isiyovunjwa. Chakula kikiiva, sufuria zilikaa zimefunikwa mpaka Mama aje na kijiko chake, aonje moja baada ya nyingine, kisha aseme pakueni, na kabla ya neno hilo hata mgeni wa heshima angekaa na njaa yake.

Mwaka 2007 figo zake zilianza kuugua, akawa anakwenda hospitali kila wiki, na mwaka uliofuata alituambia, mimi na mume wake, jambo lililomuumiza kuliko sindano zote, kwamba dawa zimemwondolea ladha, chumvi na sukari ni kitu kimoja kinywani mwake. Wadhamini walitaka kutafuta mkurugenzi kutoka hoteli kubwa, mtu mwenye vyeti, nao hawakuwa na nia mbaya, ila dada aliogopa kwamba atakuja bosi wa kuwafukuza vijana wa Kangemi siku ya kwanza watakapochelewa. Aliomba wamngojee hadi mahafali.

Siku hiyo, Jumamosi tarehe 29 Novemba 2008, ukumbi ulijaa, chakula kikaiva, na Mama akaketi mbele na kijiko chake mkononi, asiseme lolote. Wahitimu walisimama kando ya sufuria kama askari wa gwaride, wazazi wakaanza kunong'ona, Bwana Jitendra akatazama saa, nami nilitaka kusimama, lakini dada alinikanyaga mguu. Ndipo Kamene, binti wa Kangemi aliyesoma katika darasa la kwanza kabisa na kurudi kuwa mwalimu, akachukua kijiko, akaonja muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, akaongeza chumvi, akaonja ndengu za wasiokula nyama, akaagiza zipewe upawa wa peke yake usiogusa nyama, kisha akageuka.

"Mnangoja nini? Chakula inapoa. Pakueni."

Alipogundua amesema nini alifunika mdomo. Dada yangu akanyoosha sahani yake, wa kwanza katika ukumbi mzima, na alivyocheka siku ile sijawahi kumwona akicheka hivyo. Bwana Jitendra alikula ndengu sahani mbili, akasema mkurugenzi amepatikana, na Januari mwaka huu Kamene akashika usukani.

Dada yetu alituacha Jumanne, tarehe 8 Septemba 2009, akiwa na mume na watoto wake kando ya kitanda.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Waithaka mlioleta viti na kuni bila kuombwa, wenzake wa zamani hotelini, Bwana Jitendra na wadhamini wote.

Msafara wa Mwala utaondoka baada ya chakula, na hapo ndipo pana shida. Vijana wa Jiko wamepika tangu alfajiri, sufuria ziko nyuma ya hema, na hakuna anayethubutu kuzifunua. Tangu Januari, Mama akiwa hayupo Kamene ndiye aliyesema, lakini Mama akiwepo, hata akiwa mgonjwa kwenye kiti, vijana walimtazama yeye, na leo Mama yupo hapa mbele yetu. Asubuhi waliniomba mimi niseme, nikakataa, kwa kuwa nilikanyagwa mguu mara moja na somo nimelipata. Kamene naye amesema hawezi, si mbele ya jeneza.

Kamene, mwanangu, mara ya kwanza ulisema mbele yake, naye ndiye aliyenyoosha sahani. Nenda uonje, kisha useme kwa sauti, asikie kabla hatujamwinua.

Dada, pumzika kwa amani. Sisi tunamngoja Kamene.