Mwalimu Kaseti na Kifaransa cha Betri Zilizochoka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni viti. Kama mko jikoni, punguzeni kidogo kelele za masufuria. Leo tunamkumbuka mwalimu. Alifundisha Kifaransa, shule moja ya sekondari, chumba kimoja, mpaka alipostaafu. Amefariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini, mkewe akiwa pembeni. Kwa mnaofungua redio sasa hivi, tunarudia: tunamkumbuka mwalimu wa Kifaransa ambaye wanafunzi wake wote walimwita Mwalimu Kaseti.

Mkewe ni fundi cherehani. Tulimkuta chumba cha mbele, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni, kana kwamba anasubiri mteja. "Ulizeni tu," alisema. "Nikilia nitanyamaza kwanza, halafu nitaendelea."

Basi tukauliza. Jina la Kaseti lilitoka wapi?

Darasa la Kifaransa lilikuwa stoo ya zamani nyuma ya shule. Madirisha mawili, moja halifungi. Umeme haukufika huko. Mwalimu alikuwa na redio kaseti yake mwenyewe, ya kununuliwa mkononi kwa mtu, na kanda moja tu. Ndani ya kanda hiyo kulikuwa na mwanamume na mwanamke. Wanasalimiana. Wananunua mkate. Wanaulizana njia ya kwenda kituo cha treni. Basi, hayo tu, mwaka mzima.

Alimwomba mkuu wa shule ruhusa ya kuwaleta wanafunzi ofisini kwake, kwenye soketi. Mkuu akamtazama juu ya miwani. "Mwalimu, hapa ni ofisi. Si disko." Maneno yakaishia hapo. Ikabidi atumie betri.

Sasa sikilizeni hapa, wasikilizaji, maana ndipo kisa kilipo. Betri zikiwa mpya, wale watu wa kwenye kanda walizungumza mbio mbio, na watoto wakabaki midomo wazi. Lakini betri zikianza kuchoka, maneno yalishuka taratibu, moja moja, hata mzito wa kuelewa aliweza kuyadaka. Mwalimu akaona amepata dawa. Akinunua betri mpya, hazipeleki darasani. Anazichosha kwanza nyumbani kwa muziki. Zikilegea anavyotaka yeye, ndipo azibebe kwenda shule. Zikizidi kuchoka, anazianika juani dirishani, zipate nguvu kidogo, lakini si nyingi.

"Nilimwambia," mkewe alisema, na hapa alicheka mwenyewe, "nilimwambia, Baba Watoto, huyo mwanamke wa kwenye kaseti ana sauti ya mlevi. Akanijibu, Mama Watoto, wewe shona. Huyo ni mtu mwenye adabu zake, hana haraka."

Msimcheke upesi. Yeye mwenyewe aliposoma sekondari alifundishwa na mwalimu aliyeongea kama mvua ya mawe, asiyerudia neno. Mwaka mzima wa kwanza alikaa akitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na haelewi hata salamu. Mkewe anasema jambo hilo lilimuuma hadi uzeeni. Alijiapia kwamba darasani kwake hakuna mtoto atakayeachwa nyuma. Ndiyo maana alizichosha betri. Kwa huruma tu. Na miaka ikapita, sikio lake likazoea, ulimi wake ukafuata, akasahau kabisa mwendo wa kweli ulikuwaje.

Ukafika mwaka wa mtihani wa mazungumzo. Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi: wanafunzi wenyewe kumi na mmoja, wakianguka wengi, Kifaransa kinafutwa na ile stoo inarudi kuwa stoo. Mwalimu hakuwa na somo jingine. Na wale watoto, ambao baadhi yao walikuwa wamekatazwa na wazazi wasipoteze muda na lugha ya watu, walikuwa wameweka matumaini yao yote pale.

Mtahini alikuja. Mama mtu mzima, hana mzaha, kalamu mbili mfukoni. Akakaa kwenye chumba kando ya ofisi, akaita wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa kijana waliyemwita Domo, mchekeshaji wa darasa. Akaingia, akasimama wima, akatoa salamu ya Kifaransa. Lakini aliitoa kama alivyofundishwa. Nzito, ndefu, ya kuvutavuta, kama mtu anayeongea akiwa amebeba gunia.

Mtahini akauliza, "Kijana, unaumwa?"

"Hapanaaa, Madaaam," Domo akajibu, kwa Kifaransa kilekile.

Akaingia wa pili. Yaleyale. Wa tatu alikuwa msichana, naye akashusha sauti chini kabisa, kifuani, kama yule mwanamke wa kwenye kanda. Mtahini akafunga kalamu. Akatoka mlangoni, uso umemwiva.

"Mwalimu! Nimesafiri tangu alfajiri. Wanafunzi wako wamekula njama ya kunidhihaki?"

Mwalimu kijasho kikamtoka. "Kukudhihaki, Madam? Hao ndio wanafunzi wangu bora."

"Nani kawafundisha kuongea hivyo?"

Akaleta redio kaseti. Akabonyeza. Wale watu wawili wakaanza kununua mkate wao, taratiiibu. Mtahini akasikiliza, akainamisha kichwa. Kisha akaibeba redio yeye mwenyewe hadi ofisini kwa mkuu, akaichomeka kwenye soketi bila kuomba ruhusa.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyembamba, nyepesi, yenye kicheko ndani yake. Wanafunzi walikuwa wamejazana dirishani kwa nje. Domo akapiga kelele, "Heee! Kumbe ni mwanamke kweli!"

Wakaangua kicheko. Halafu wakamwona mwalimu wao, kicheko kikawakauka.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha karani, mikono magotini. Alisema neno moja: "Nimewaharibia."

Haya tumesimuliwa na mmoja wao. Alikuwa msichana asiyefungua mdomo darasani hata ukimfinya, wenzake wakamwita Kimya. Leo ni mama wa watoto wawili, anafanya kazi mapokezi hotelini. Alituambia hivi: "Sisi tulizoea mwalimu atutulize sisi. Mwalimu akivunjika moyo mbele yenu mnafanya nini? Hakuna aliyetufundisha. Tulisimama tu. Ni Domo, na mdomo wake ule, ndiye aliyeingia ofisini, akasema, Mwalimu, maneno yote tunayo. Tumebakisha mwendo tu."

Mtahini alimtazama Domo, akamtazama mwalimu. Akasema hajaandika alama ya mtu. Basi lake ni saa kumi, kwa hiyo wakitaka kuanza upya, itabidi akose chakula cha mchana. "Nendeni. Mkirudi, nataka kusikia watu wasioumwa."

Mwalimu akajikaza. Akawatoa nje, hadi kiwanjani. Akawaambia watembee haraka, na kila mguu unaposhuka, neno litoke. Mguu, neno. Mguu, neno. Wakazunguka, mwalimu mbele, tai imerukia begani, anapaza sauti ya Kifaransa huku anahema. Madarasa mengine yakachungulia madirishani, wakidhani wale wamepewa adhabu. Mpishi wa shule akauliza, "Mwalimu, mnamfukuza nani?" Hakujibiwa. Pumzi ya kujibu ingetoka wapi?

Mtihani ukaanza tena. Domo akaingia, akaongea kama anayekimbizwa na nyuki, akatoka akiwa hoi. Wengine wakafuata. Wa mwisho alikuwa Kimya.

Mwalimu alikuwa nje ya mlango, sikio limeganda kwenye ubao wa mlango. Alimsikia akisalimia. Vizuri. Akamsikia akinunua mkate. Vizuri. Akaulizwa njia ya kwenda kituo cha treni. Kimya.

"Kifaransa kilikuwa kichwani," alituambia, "halafu kikaruka. Chote. Nikajua Mwalimu yuko nje, ananisubiri. Nikamtazama yule mama. Nikaona ameshika tumbo, anakunywa maji, anakunywa tena maji. Nikawaza, huyu hajala. Basi nikamuuliza."

Alimuuliza kwa Kifaransa: "Madam, wewe umekula?"

Wasikilizaji wapendwa, sentensi hiyo haikuwamo kwenye kanda. Hakuna aliyemfundisha. Aliokota neno huku na neno kule, kwenye duka la mkate, kwenye salamu, akayaunga mwenyewe.

Mtahini akaweka kalamu chini. "Bado."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yenu."

"Una hasira?"

"Hapana, mwanangu. Nina njaa."

Wakacheka wote wawili, ndani ya chumba kile. Na nje ya mlango, mtu aliyekuwa amesikia watu walewale wawili wakinunua mkate uleule miaka nenda rudi alisikia, kwa mara ya kwanza, mwanafunzi wake akiongea na mtu. Walizungumza mpaka muda ukapita. Kituo cha treni hakikutajwa tena.

Walipita wengi, si wote. Darasa halikufutwa. Mkuu wa shule alinunua waya mrefu wa kufikisha umeme kwenye ile stoo. Lakini mkewe anasema jioni ile ya mtihani mwalimu hakueleza habari ya matokeo hata kidogo. "Alikaa pale kwenye kiti, viatu hajavua. Nikamuuliza, vipi, wamepita? Akasema, Mama Watoto, yule mtoto kauliza swali. Nikasema, swali gani? Akasema, la kwake. Akarudia, la kwake mwenyewe. Machozi yanamtoka, na anatabasamu. Mimi Kifaransa sijui, lakini siku ile nilielewa kazi ya mume wangu ilikuwa nini."

Kwako mama, fundi wetu, na kwa watoto na wajukuu: tunawashika mkono kwa njia ya mawimbi haya. Msiba wenu ni wetu. Mungu awape nguvu za kubeba ukimya wa nyumba hiyo, na mwalimu apumzike kwa amani.

Na kwenu, wasikilizaji, tunaomba jambo moja dogo. Leo au kesho mtu atakwama mbele yenu katikati ya sentensi. Mtoto, mgeni, mzee. Msimmalizie. Subirini nje ya mlango kama alivyosubiri Mwalimu Kaseti. Huenda hajasahau. Huenda anatafuta la kwake.