Nyumba ya Wageni Iliyofichwa Nyuma ya Picha za Kamati

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mwenye jirani anayesinzia amwamshe, maana leo nashuhudia habari ya tovuti, na sitaki mtu aniambie baadaye kwamba Mungu hashughuliki na kompyuta. Anashughulika! Mimi Veronika wa Rahaleo ni shahidi.

Mnaijua nyumba yetu ya wageni kule Shangani, Mtwara, ninayoisimamia. Mwaka ule ilikuwa tupu. Vyandarua vimefuliwa, mashuka yamenyooshwa, mgeni hakuna. Baraza la kanisa likaamua: vyumba visipopata watu kabla ya msimu wa korosho, jengo litakodishwa liwe ghala. Ghala, ndugu zangu! Pale wanapolala watumishi wa Mungu, yarundikwe magunia! Na mimi na Bibi Somoe, mpishi wetu kutoka Mikindani, turudi nyumbani tukakae.

Nikapendekeza tovuti, ili watu watuone toka mbali. Kamati ya nyumba ikakubali kwa makofi. Ningejua, ningeyazuia yale makofi!

Kelvin, fundi aliyetoka Dar es Salaam, alianza vizuri. Nikampa maneno: vyumba vikoje, bei, simu, mtu akishuka uwanja wa ndege afikeje. Kamati ikayapitia, ikasema hayana itifaki. Itifaki! Eti mgeni haonyeshwi chumba kabla hajasalimiwa na wakubwa. Basi ikawekwa picha ya mwenyekiti wetu, Mzee Nandonde, na salamu zake ndefu. Akafuata makamu, katibu, mhazini, kila mmoja akiteleza polepole kwa cheo chake. Kisha mgeni rasmi akikata utepe. Kwaya nayo ikiimba beti zote, na huwezi kupita mpaka imalize. Kelvin, badala ya kuwazuia, akaongeza korosho za dhahabu zinazodondoka toka juu ya skrini! Maneno yangu yakasukumwa nyuma kabisa, kwa herufi ndogo za njano juu ya weupe. Namba ya simu huioni.

Nililia. Nikawaambia, wazee wangu, mtu anatafuta kitanda! Wakanijibu nisiwe na haraka. Bibi Somoe akaniambia, "Mwanangu, wewe muombe Mola, hawa hawasikii la mtu." Nikafunga, nikaomba. Nasema ukweli mbele ya madhabahu: niliomba moto ushuke juu ya kamati. Bwana, kwa huruma zake, akampeleka mwenyekiti intaneti kafe.

Mzee Nandonde alikwenda Dar kuonana na wakwe, waliokuwa waje Mtwara kwa harusi ya binti yake. Akataka waone watakapolala. Akawaketisha kafe kwa heshima, akalipia nusu saa. Mtandao ukasuasua. Uso wake ukafunguka kuanzia kwenye kipara, kidogo kidogo. Kwaya ikaimba, ikakatika, ikaanza upya. Korosho zikadondoka. Alipotokea mhazini, baba wa bwana harusi akauliza kwa upole, "Mzee mwenzangu, nyumba hiyo ina vitanda, au ina viongozi tu?" Nusu saa ikaisha kabla utepe haujakatwa. Wakwe wakatafuta pengine pa kulala.

Alirudi na aibu yake, akaingia ofisini kwangu, hata kiti hakutaka. "Veronika, nitoe mle." Haleluya!

Sasa akataka kumfukuza Kelvin na mapambo yote. Nikakataa. Maneno peke yake, yakirundikana, nayo yanachosha macho! Kelvin akabaki. Akaweka picha moja ya kibaraza cha nyumba na bahari mbele, picha ya kila chumba, herufi nyeusi zinazosomeka, nafasi kati ya habari na habari, na simu juu kabisa. Ukurasa ukawa unafunguka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Asubuhi moja simu ikalia. Walimu wa Songea, wanataka kuja kuona fukwe za Mnazi Bay. "Tumesoma habari zenu," wakasema. Wamesoma! Bibi Somoe akapiga vigelegele jikoni, nami nikaanguka magotini palepale. Baada yao wakaja wengine, na wengine. Wenye magunia wakatafute ghala kwingine!

Ndugu zangu, wewe unayezibiwa njia na watu unaowaheshimu, usichoke kumlilia Mungu. Mimi nilikwenda kwake na hasira zangu, akanipokea hivyohivyo. Mwamini leo! Namshukuru yeye, nawashukuru nanyi mlioniombea. Na mwenye mgeni wa Pasaka asinisubiri mlangoni baada ya ibada. Vyumba vimejaa.