Maneno Waliyombandikia Orie Imaoka

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Nerima, nanyi wasomaji mliotoka mbali, mimi ni Tazuko, mdogo wake marehemu, familia imeniomba niwasomee maisha ya dada yangu, na mtaniwia radhi nikisoma nimekaa, maana tangu mkesha wa jana miguu imegoma.

Marehemu Orie Imaoka alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 mjini Takaoka, mkoa wa Toyama, mtoto wa kwanza wa mfua shaba Mzee Kisaburo Tsukuda na mkewe Yoshi, akasoma shule zote hapohapo mjini, akahitimu Machi 1967, wala sitasema alikuwa mwanafunzi hodari, kwa kuwa madaftari yake ya hesabu yalijaa wasichana wenye macho makubwa kuliko vibakuli vya baba, na mwezi uliofuata alipanda treni kwenda Tokyo, baba akiwa hasemi naye.

Wakati ule katuni za wasichana zilichorwa zaidi na wanaume, na msichana ndani yake kazi yake ilikuwa kulia na kumtafuta mama aliyepotea. Orie alikuwa mmoja wa wanawake vijana waliochoshwa na hali hiyo, wakavunja mistari inayozitenga picha, nywele zikamwagika ukurasa mzima, mtu akaweza kuwaza kurasa mbili pasipo kutamka neno, hadi mpiga chapa akapiga simu kuuliza kama kuna kilichosahauliwa. Mimi nilimfuata mwaka 1970 nikawa msaidizi wake, nikifuta penseli na kujaza wino mweusi, kazi iliyonipinda shingo, nayo haijanyooka mpaka leo.

Kuanzia Mei 1973 alichora hadithi iliyompa jina, ya Mathilde, binti wa fundi saa katika nchi ya Ulaya ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga, katika jarida ambalo sitalitaja, maana wenyewe wameleta maua. Sura ya mwisho ilipochelewa, Agosti 1975, mhariri wake, Bwana Kurimoto, alitufungia katika nyumba ya wageni jirani na ofisi, kama walivyofungiwa wachoraji wote wenye kuchelewa, tukala wali baridi wa kufinyanga, naye akaja kila asubuhi kulalamika.

"Dada Orie, nihurumie, wasichana wa darasa la sita wanataka harusi, hawataki mawaidha."

"Wewe ulikuwa msichana wa darasa la sita mwaka gani, Bwana Kurimoto?"

"Mke wangu pia anataka harusi!"

"Basi mpe yeye, kwani hukumwoa?"

Harusi haikuchorwa, Mathilde alipanda treni peke yake, akimwacha mchumba kituoni. Lakini katika kazi yetu mchoraji huandika maneno ya wahusika kwa penseli tu, mhariri ndiye huyapeleka yakapigwa chapa kwenye vipande vya karatasi na kubandikwa juu kwa gundi, na Bwana Kurimoto, picha zikiwa zimeshamshinda, alibandika maneno yake mwenyewe kinywani mwa Mathilde, "Nisubiri, nitarudi niwe wako." Wasomaji walilia nchi nzima, kura zao zikaiweka hadithi juu ya zote, na kurasa zenyewe jarida likazigawa zawadi kwa wasomaji, kama ilivyokuwa desturi, asiambiwe mchoraji.

Tarehe 3 Novemba 1979 aliolewa na Mwalimu Haruhiko Imaoka, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mmoja, Chigusa, aliyezaliwa Juni 1982, huyu mnayemwona amebeba picha ya mama yake. Hata siku ya harusi kuna mgeni aliyesimama kumpongeza kwa maneno yale ya "nisubiri", bibi harusi akainamisha kichwa kwa adabu, akala samaki wake. Yakaandikwa kwenye vikombe, yakaandikwa kwenye leso, na kila kitabu kilipochapwa upya aliomba kitu kimoja tu, kwamba kabla yeye hajafa, Mathilde aseme alichokusudiwa kusema, na kila mara akajibiwa kwa heshima kubwa kwamba kumbukumbu za mtu husumbua. Jambo hili lilinichosha mimi, sembuse yeye.

Mwaka 2016 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala, kisha figo nazo zikadai zamu yao. Oktoba iliyopita mama mmoja kutoka Morioka, Bi. Wakana Shidara, ambaye alishinda ukurasa ule wa maneno ya Mathilde akiwa na miaka kumi, aliutoa katika mtoto wa kabati ili autie fremu, gundi ikawa imekauka, kipande kikaanguka, penseli ikaonekana. Alimletea Orie hospitali. Dada aliusoma, akaomba miwani, akausoma tena, akasema, "Unaona, Tazu? Sijawa kichaa," akalia, nami nikalia. Tuliupeleka kwa wachapishaji, wakasema watalitafakari, na Januari toleo la miaka hamsini likatoka na maneno yaleyale. Sikumwonyesha. Alifariki tarehe 2 Machi 2025, alfajiri, Chigusa akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, kwa sababu alikuwa mgonjwa mkali, majirani mliotuletea supu bila kuuliza, wachoraji wenzake mliobaki, ambao wengi wenu mmekuja na fimbo, na Bi. Shidara, aliye hapa, na ambaye amekubali ukurasa ule uende na dada ndani ya jeneza.

Wachapishaji nao tunawashukuru kwa shada lile kubwa mlangoni, lenye utepe ulioandikwa "Nisubiri, nitarudi". Hapa leo hakuna mhariri, na karatasi hii ninayoisoma nimeiandika mwenyewe, kwa hiyo kabla hatujafunga jeneza sikieni Mathilde alivyosema alipochungulia dirishani mwa treni, kwa mwandiko wa dada yangu: "Usinisubiri. Huko niendako kuna kazi yangu, nami naitaka."

Haya, Orie. Hatutakusubiri. Pumzika, dada yangu, kwa amani uliyoitafuta.