Dkt. Charles Kobelo, Aliyehesabu Matanga (1969–2025)

Dkt. Charles Pius Kobelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Mgeta, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mama Bernadeta na marehemu Mzee Pius.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mgeta, sekondari Morogoro mjini, na shahada zake za hisabati Dar es Salaam. Akiwa darasa la sita alianza kuwatajia wakulima siku ambayo lori la kabichi litakwama, kwa kuhesabu mvua na mizigo. Alipatia mara mbili, ya tatu akakosea, na bado waliendelea kumwuliza.

Mwaka 1998 aliajiriwa kufundisha hisabati chuoni Morogoro. Tarehe 12 Mei 2001 alifunga ndoa na Stella, mwalimu wa Dumila. Wazee waliokwenda kuzungumza mahari walimwacha nyumbani, maana angekubali kiwango cha kwanza.

Wengi mlimfahamu mwaka 2021, alipokuwa akitabiri mawimbi ya korona: mgonjwa mmoja anakutana na watu wangapi kwa siku, anaambukiza wangapi, anapona baada ya siku ngapi. Kila asubuhi alipigia simu zahanati za milimani kuulizia wenye kikohozi. Mimi ni dada yake, na harusi ya binti yangu Lucy ilikuwa ifanyike tarehe 31 Julai. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na mjomba, yaani Charles, akasema isogezwe hadi tarehe 30 Oktoba. Kwa hesabu yake wimbi lingefika kileleni mwanzoni mwa Septemba, na Mama alikuwa na miaka themanini na minne.

Nilimwambia apunguze muda huo. Akanijibu kwamba namba si nyanya, hazipunguzwi kwa kupatana. Basi nikataka kuona alichohesabu: kaya, shule, masoko, mabasi. Nikamwuliza matanga ameyaweka wapi. Hakuwa ameyaweka. Kwenye hesabu yake mtu akifa anatoka, haambukizi tena. Huku kwetu mtu akifa ndipo ukoo mzima wa mama unapopanda kutoka Dumila na Kinole na kulala mkeka mmoja siku tatu.

Alicheka, akakaa juu ya magunia yangu ya karoti, akaanza kuniuliza wanalala wangapi kwa mkeka na wanakula wangapi sinia moja. Hesabu mpya ilisema wimbi litapanda haraka, lifike kileleni katikati ya Agosti, na kushuka mapema. Tukaafikiana tarehe 25 Septemba, kwa sharti moja: mpaka siku hiyo Mama asihudhurie msiba wowote.

Mama hakuwahi kukosa msiba. Akamwambia, "Nisipoenda kwa watu, nikifa nani atakuja kwangu?"

"Mama, ukienda mwezi huu, mwezi ujao watakuja."

Mama alicheka mpaka akashika mlango. Akabaki nyumbani, akawa anapeleka maharage na salamu. Agosti tulizika wanne pale kijijini, na wawili kati yao walikuwa wamelala kwenye matanga ya wa kwanza. Septemba Mama alicheza harusini mpaka tukamkalisha kwa nguvu. Wimbi lilichelewa kushuka kwa siku nne kuliko alivyosema Charles, na siku hizo nne alizisikitikia mwaka mzima.

Tangu mwaka 2023 aliugua figo. Alichora mwenyewe grafu ya vipimo vyake, akamwonyesha daktari, na daktari alikubali kwamba imechorwa vizuri. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka hamsini na sita.

Ameacha mjane, Stella, watoto wawili, Zawadi na Witness, ndugu watano, mpwa wake Lucy na mumewe, waliofunga ndoa wakiwa wazima na wageni wao wazima, na Mama Bernadeta, miaka themanini na minane, aliyeketi hapa mbele na ambaye asubuhi hii amekataa kuletewa kiti cha magurudumu.

Mungu ampumzishe Charles kwa amani.