Marehemu Aliyetupandishia Kipato kwa Kalamu

Ofisi ya marehemu ilituletea wasifu uliokwisha kuchapwa, kwenye karatasi nzito inayong'aa. Ndani yake wamekosea mwaka wake wa kuzaliwa. Ofisi ya takwimu hiyo! Ndiyo maana ukoo umeniomba mimi, dada yake, niandike mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, kitindamimba wa fundi viatu na mshonaji. Tulimwita Kadogo. Akiwa darasa la pili aliwafunga kuku wa mama miguu, akawapanga mstari kuanzia kifaranga hadi jogoo, kisha akamnyanyua wa katikati. "Mama, mtu akiuliza kuku wetu wakoje, mwonyeshe huyu. Usimwonyeshe jogoo." Baba alicheka hadi nyundo ikamtoka mkononi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, akaenda sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu shahada ya takwimu. Kichwa alikuwa nacho, hilo simnyimi.

Mwaka 1991 aliajiriwa kwenye kitengo cha makisio ya kipato. Kila mwaka alikisia kipato cha kaya ya katikati katika kila wilaya: ukizipanga kaya zote kuanzia ya chini kabisa hadi ya juu, ile iliyosimama katikati inaingiza kiasi gani. Hakutaka wastani, kwa sababu wastani tajiri mmoja anaupandisha peke yake. Miaka ile ya mwanzo aliifanya kazi kama mtu. Alituma wadadisi nyumba kwa nyumba, akalinganisha majibu na kumbukumbu za kodi, na namba ikija ya ajabu, alifunga safari mwenyewe kwenda kuuliza.

Mwaka 1995 alimwoa wifi yangu, muuguzi, mtu mwema kuliko tulivyostahili. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2005 akapandishwa cheo kuwa mkuu wa kitengo. Akapewa kiyoyozi, zulia na kiti cha kuzunguka, na kweli akazunguka. Wadadisi hawakuonekana tena wilayani kwetu. Kadogo alichukua namba ya mwaka uliopita, akaisukuma juu kidogo, akaitia sahihi. Mwaka uliofuata akaisukuma ileile iliyosukumwa. Wakubwa walipenda mstari unaopanda, naye akawapandishia. Kiwanda cha ngozi kilifungwa, wanaume wakashinda vibarazani mchana kutwa, huku kwenye vitabu vyake tunaneemeka. Mwaka 2011 wilaya yetu ikatolewa katika orodha ya wilaya maskini, na shule ninayoiongoza ikanyang'anywa chakula cha mchana. Darasa la sita likabaki nusu.

Nilimfuata ofisini.

"Kadogo, nani amekwambia tumetajirika?"

"Dada, haya ni makisio tu."

"Unakisia nini na hujatuma mtu?"

"Bajeti ya wadadisi haikutosha."

Aliyasema hayo akiwa amesimama juu ya zulia jipya. Akaniagizia soda. Sikuigusa. Wenzake, hawa waliojipanga leo viti vya mbele na miwani yao nyeusi, walichungulia mlangoni wakachekeana: "Mwalimu mkuu amekuja kutufundisha hesabu!"

Wifi ameniomba nisiyasome haya. Nimemsikia. Lakini watoto waliolala na njaa wana mama zao pia, na baadhi yao wamesimama kule nyuma ambako viti havikufika.

Mwaka 2017 marehemu alianza kuumwa figo. Ofisi ilimlipia chumba cha peke yake, na mimi na wifi tukawa tunapokezana kumwogesha. Siku moja nilimwambia:

"Sahihi yako bado inafanya kazi. Rekebisha."

Akageukia ukutani. "Dada, kila mwaka umesimama juu ya mwenzake. Nikigusa mmoja, yote inadondoka."

"Idondoke basi."

"Halafu watu watanionaje?"

Watu watamwonaje! Mtu yuko kitandani, mguu umevimba kama gogo, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma. Nilimpenda ndugu yangu. Siku ile nilimdharau, na nikaendelea kumwogesha.

Alifariki asubuhi ya tarehe 17 Juni 2019, mkono wake ukiwa mkononi mwa mke wake. Hakurekebisha kitu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja na mimi dada yake. Ameacha pia makisio ya wilaya yetu, ambayo mkurugenzi wake, yule pale mwenye shada kubwa kuliko yote, ameyatangaza tena wiki iliyopita. Tumepanda tena, ndugu zangu. Hongereni.

Kadogo, pumzika kwa amani, mdogo wangu. Mkurugenzi, Jumatatu nitakuwa mlangoni kwako, na hawa walioko nyuma nitakuja nao.