Nasma na Njia Isiyopita Gari

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo asubuhi hii, punguzeni kidogo shughuli mnisikilize. Leo tunamkumbuka Nasma Suleimani. Nasma wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili. Alifariki mwezi uliopita, na wengi waliokua naye hapa mjini hawakuwa wamemwona kwa miaka.

Nasma alikuwa mwendesha baiskeli. Mtasema, Tanga nani haendeshi baiskeli? Kweli. Lakini wa Ngamiani mnamkumbuka. Alijifunza kwa baiskeli ya baba yake, mguu mmoja ukipita chini ya bomba kwa kuwa hakufikia tandiko. Alipokuwa mtu mzima, baibui lake alilibana kwa vibanio vya kuanikia nguo ili lisinase kwenye mnyororo. Mama yake, Bi Mboni, aliniambia walimsikia kabla hawajamwona, maana alikuwa akiimba njiani.

Aliolewa na Ibrahimu, seremala. Jumapili walikwenda pamoja Tongoni kumjulia hali shangazi yake Ibrahimu, kila mtu na baiskeli yake. Jumapili moja, kwenye barabara ya Pangani, lori la mchanga lilitaka kulipita gari jingine. Nasma alikuwa mbele. Alisikia honi, kisha kishindo. Alipogeuka, baiskeli ya mumewe ilikuwa imelala barabarani, na mumewe alikuwa mtaroni. Ibrahimu hakufika hospitali.

Eda ilikwisha. Nasma hakutoka.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu watu walilielewa vibaya jambo hili. Eda ilikwisha na Nasma hakutoka. Hakuwa anaringa, wala hakuwa na jini. Alivaa, alifika mlangoni, akasikia pikipiki inapita. Alirudi ndani. Kesho yake alijaribu tena. Barabara ya Kumi na Mbili si barabara kuu, lakini pikipiki zinapita, bajaji zinapita, gari la maji linapita. Mwanzo aliweza kukaa barazani. Baadaye akaiacha baraza. Baadaye tena akahamia chumba cha nyuma kinachotazama uani, na dirisha lake akaliziba kwa godoro la zamani.

"Nilikuwa nampelekea chakula kama mfungwa," Bi Mboni aliniambia. "Mwanangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu."

Alisomewa dua. Alipelekwa hospitali usoni amefunikwa khanga, akapewa vidonge vya usingizi. Alilala. Alipoamka, barabara ilikuwa palepale.

Kaka yake, Nasri, ni mnunuzi wa iliki. Huingia vijiji vya bonde la Mto Zigi, kule chini ya milima ya Usambara. Huko alikuwa anaijua njia moja ya changarawe, iliyochongwa zamani na wenye mashamba, inayofuata mto. Mafuriko yalilichukua daraja lake. Wanakijiji walilaza magogo mawili, mtu akapita, baiskeli ikapita. Gari halikupita tena, wala pikipiki.

Nasri akaona huko ndiko. Alimwomba Loveness, mama mmoja wa Kilutheri aliyezaliwa palepale kwenye kambi ya mashamba, ampangishe dada yake chumba. Siku ya safari Nasma alimeza vidonge vyake vya usingizi, akalala kiti cha nyuma cha gari, Nasri akimsomea Yasini. Gari wakaliacha kwenye daraja lililovunjika, wakavuka magogo kwa miguu.

Loveness ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Anasema Nasma alisimama uwanjani pake akitega sikio. Akauliza magari hupita saa ngapi. Akajibiwa kwamba hapa hapapiti gari. Baada ya kunywa chai akauliza tena. Kisha akaiona baiskeli ya Loveness imeegeshwa ukutani, baiskeli nzito yenye breki moja, akaomba aijaribu.

Wasikilizaji wapendwa, wiki jana niliipita njia ile. Upande mmoja mto unanguruma kwenye mawe. Upande wa pili ni migomba na iliki, na juu yake msitu wenye mbega. Ubaridi unashuka kutoka mlimani mpaka kwenye mikono. Changarawe inalia chini ya tairi, na kwenye kona gurudumu la nyuma linateleza kidogo, moyo unaruka. Nasma aliondoka asubuhi ileile aliyofika, akarudi jua limeshapinda. Vumbi hadi kwenye kope. Loveness akamwuliza amefika wapi. Akasema amefika mwisho.

Maana njia ile ilikuwa na mwisho. Huku daraja lililovunjika, kule geti la msitu. Nasma alikwenda, akageuka. Alikwenda, akageuka. Alipelekea watu unga, dawa, salamu. Alianza tena kuimba. Lakini ng'ambo ya magogo hakuvuka. Wiki zikawa miezi, miezi ikawa miaka.

Nasri ananiambia bila kuficha: "Tulimtoa chumbani, tukamfungia bondeni."

Kisha Bi Mboni akapigwa na kiharusi. Nasma akapata habari. Akaendesha hadi darajani, akasimama. Siku ya pili akasimama tena palepale. Siku moja alivuka hadi kati ya magogo, akasikia injini mbali, akarudi. Ikabidi mama ndiye amfuate. Bi Mboni, mkono mmoja umekufa ganzi na mdomo umepinda, aliletwa na bajaji mpaka ukingoni. Nasma akamwomba dereva kwa ishara azime. Bajaji ilipozimwa, akavuka.

"Shikamoo mama. Nimeshindwa kuja."

"Marahaba mwanangu. Mimi nimefika."

Walikaa chini, Nasma akimmenyea mama yake machungwa. Mama akamwomba waondoke pamoja. Nasma akaingia kwenye bajaji, akakaa, akaushika mkono wa mama yake ulio mzima. Dereva akawasha. Nasma akaruka nje, akavuka magogo mbio, hakugeuka. Bi Mboni anasema hakukasirika. Anasema aliuona uso wa mwanawe, na uso ule haukuwa wa mtu mwenye hiari.

Masika yaliyofuata, Loveness alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Mumewe alikuwa safarini. Nasma alimpakia kwenye keria ya baiskeli na kuisukuma kwenye matope mpaka darajani. Magogo yalikuwa yanateleza, maji yamejaa. Walivuka kwa kutambaa, na jirani mmoja akiwashika kwa kamba. Gari la zahanati, lililoitwa kwa simu, lilikuwa likiwasubiri ng'ambo. Loveness aliingia. Nasma alibaki nje ya mlango, matope mwili mzima. Mtoto alizaliwa salama, lakini ilikuwa chupuchupu.

Baada ya hapo kijiji kikaitisha mkutano. Kulikuwa na nafasi ya kujengewa daraja la zege, lakini wanakijiji wenyewe walitakiwa wakubali na wachangie nguvu. Kila mtu alijua daraja lina maana gani kwa Nasma. Loveness aliniambia yeye mwenyewe alishindwa kunyoosha mkono. Aliinamisha kichwa. Watu wakawa wanamtazama mwanamke mmoja tu.

Nasma akasimama. Akasema, "Jengeni. Mimi nitajua pa kukaa." Akanyoosha mkono, na mikono mingine ikafuata.

Alibeba kokoto kama wengine. Daraja likaisha. Siku gari la kwanza lilipopita, likipiga honi kwa furaha na watoto wakilikimbilia, Nasma alikuwa chumbani, dirisha limefungwa. Hakuendesha tena. Loveness akawa anampelekea chakula kwenye sinia, kama zamani Bi Mboni.

Mwezi uliopita alishikwa na homa ya mapafu. Gari lilikuja hadi mlangoni. Loveness alidhani watambeba kwa nguvu. Nasma akasema ataingia mwenyewe, ila dereva aende polepole, na kioo kiwe wazi. Nisiwadanganye kwamba woga ulikuwa umeisha. Alitetemeka njia nzima. Kila lori lilipopishana nao aliuma khanga. Dereva alikwenda mwendo wa baiskeli kutoka bondeni mpaka Muheza, na kutoka Muheza mpaka Tanga, watu wakimpigia honi nyuma.

Walipofika mjini Nasma aliomba wapite Barabara ya Kumi na Mbili. Bi Mboni akatolewa mlangoni kwenye kiti. Nasma akateremka. Alikaa barazani kwa mama yake, magari yakipita, kisha akapelekwa hospitali. Alifariki huko siku ya tatu.

Bi Mboni, Nasri, Loveness na watu wote wa bondeni, pokeeni pole zetu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape nyinyi subira.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa umeshika usukani, punguza mwendo. Na wewe uliye nyumbani, fikiri mtaani kwako: yupo nani ambaye hujamwona siku nyingi, na ukaridhika na maneno kwamba anaringa? Leo nenda kwake. Piga hodi. Asipofungua, kaa barazani kwake.